Meli ikimwaga mafuta, nani ana mamlaka ya kuizuia?

Mukene_Ggaba: Ndugu zangu, juzi mashua yangu ilirudi na nyavu zimelowa mafuta meusi, yananata kama lami. Tumesugua kwa sabuni ya mche, wapi! Usiku ule kulikuwa na chombo cha mizigo kimetia nanga karibu. Jirani anasema sheria ya bahari inaruhusu kukizuia. Kweli?

Kuli_mstaafu: Kaka, huo ni Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982, kifungu cha 220. Ndani ya maili 12 za baharini kutoka pwani, sababu za wazi zinatosha kupanda melini na kukagua; ushahidi ukitosha, hata kuizuia. Kutoka hapo hadi maili 200 mambo hukaza: uzuie tu ukiwa na ushahidi wazi kwamba mafuta yameleta hasara kubwa au yanaitishia pwani. Na mwenye meli akiweka dhamana, inaachiwa. Nilipokuwa Mombasa, wakaguzi walianza na daftari la mafuta, lile ambalo meli huandikia jinsi inavyoshughulikia mafuta yake, kabla hata ya salamu.

Nalongo_W: Sawa mzee, lakini Ziwa Victoria si bahari! Mkataba huo haufiki Ggaba. Huku Uganda tuna sheria yetu ya usafiri wa majini ya 2021, na ile ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2007 kuhusu usafiri ziwani. Kaka, usifue tena hizo nyavu, ndizo ushahidi wako. Kata kipande, tia kwenye chupa ya glasi, andika saa na mahali, kisha wapigie polisi wa majini.

Mukene_Ggaba: Chupa ya waragi, ile pombe kali yetu, inafaa?

Nalongo_W: Ikiwa tupu. Na uioshe!