Mdogo wangu anataka kuwa fundi wa ndege za jeshi, mama amekataa. Tufanye nini?

YayaWaKatuba
Hamjambo wote. Niko Lubumbashi, Katuba. Mdogo wangu wa kiume amemaliza masomo ya mekanika na mkono wake ni mwepesi: jenereta, pikipiki, redio, chochote kinachofunguka anakifunga tena na kinawaka. Sasa amesikia jeshi linaandikisha vijana, ameshikilia neno moja tu: anataka kutengeneza ndege za kivita. Kurusha hataki, anataka kutengeneza. Mama amesema hatampa baraka. Sababu zake ni mbili: ndege za jeshi letu zinaanguka, na vita vya Kivu havijaisha. Baba hayupo tena, kwa hiyo wote wawili wananitazama mimi.

Lakini mimi nina swali langu pembeni ya hayo ya mama. Kila nikisoma habari za ndege zetu nakuta Wageorgia, Wabulgaria, na wengine wa huko huko. Je, kijana Mkongomani akiingia pale atapewa spana, au atamshikia mzungu tochi mpaka astaafu? Kama ni tochi, bora tuhangaike na pesa asomee ndege za abiria. Naomba ushauri wa wanaojua. Mambo ya vyama tuyaache kwanza.

MutotoWaKenya_Lshi
Yaya, usimukataze mutoto. Kazi ya leta, ya serikali, ni kazi. Hata mushahara ikichelewa, grade iko. Ndeke inaanguka, na motokari nayo inaanguka kila siku kwa barabara ya Likasi, lakini hakuna mama anakataza mutu kupanda.

YayaWaKatuba
Hiyo ya barabara ya Likasi tumeshamwambia mama. Amejibu kwamba motokari haipigwi kombora.

Birere_Goma
Na mama yenu hajakosea. Tarehe 24 Januari 2023 hapa Goma tuliona kwa macho yetu. Sukhoi-25, ndege ya kivita ya jeshi letu, ilipigwa kombora kutoka upande wa Rwanda, ikaja ikiwaka moto ubavuni na ikatua uwanjani. Kigali walisema imevuka anga yao, Kinshasa wakasema ilikuwa ndani ya nchi na kwamba hicho ni kitendo cha vita. Miezi miwili kabla yake, Novemba 2022, nyingine ilikuwa imegusa uwanja wa Gisenyi, huko Rwanda, kwa muda mfupi kisha ikarudi. Ukiutazama uwanja wetu utaelewa: mpaka uko karibu mno, rubani akipinda kidogo ameshaingia kwa jirani.

Uwanja huohuo ulipigwa na droni Februari 2024, na mwisho wa Januari 2025 ukachukuliwa na waasi wa M23 pamoja na mji. Fundi wa jeshi hachagui kituo, yaya. Huyo kijana anaota kazi ya Luano, uwanja wenu wa Lubumbashi, na kulala Katuba, lakini barua itakuja na jina la mahali pengine kabisa.

FundiWaLuano
Mimi ni wa ndege ndogo za kiraia, ila nimekaa sana na mafundi wa jeshi. Niseme ninavyojua.

Watu wakisikia ndege imeanguka husema "ilikuwa kuukuu" na mazungumzo yameisha. Ukuukuu peke yake hauangushi ndege. Kila kiungo kikubwa kina saa zake za kufanya kazi: injini, gia kubwa inayozungusha panga za helikopta, panga zenyewe. Saa zikifika kinateremshwa, hata kama bado kinazunguka vizuri, na kinapelekwa kiwandani au kwa mtu mwenye ruhusa ya kiwanda. Sasa jeshi liko vitani, kiwanda kiko Ulaya ya Mashariki, pesa haijatoka. Hapo ndipo saa huanza kuongezwa kwa kalamu. Tia na mafuta yaliyoingia maji, vumbi la viwanja vya udongo, na mawingu ya Virunga yanayofunga kilima kizima kwa dakika chache. Tarehe 27 Januari 2017 helikopta mbili za Mi-24 za jeshi letu zilianguka siku moja kule Rutshuru. Sisemi kwa sababu gani, nasema mazingira ndiyo hayo.

Lakini kuna jambo moja lazima mama aambiwe, kwa maana kijana mwenyewe hatalisema. Kwenye helikopta za Kirusi fundi habaki chini akipunga mkono. Mi-8 hurushwa na watu watatu: marubani wawili na fundi wa ndani. Kijana akiwa hodari sana kwenye helikopta hizo, uhodari wake ndio utakaompandisha angani. Kwenye Sukhoi-25 ni tofauti, kiti ni kimoja tu, cha rubani.

MutotoWaKenya_Lshi
Eeh, hiyo ya watu batatu sikuijua. Basi aende kwa Sukhoi.

Nyaminyami_Nai
Kutoka Nairobi hapa. Msidhani ni Kongo peke yake. Tarehe 18 Aprili 2024 Mkuu wetu wa Majeshi, Jenerali Francis Ogolla, alikufa kwenye ajali ya helikopta ya Huey kule Elgeyo Marakwet, waliokuwemo 12 wakapona wawili. Na huyo alikuwa mkubwa wa wote. Poleni na mama.

Kadutu_Bukavu
Narudi kwenye swali la tochi, maana ndilo swali lenyewe na wote mmelikimbia.

Sukhoi-25 zetu zilinunuliwa Georgia, karibu na mwaka 2000, wakati wa Mzee Laurent Kabila. Zilitoka kiwanda cha Tbilisi, kile kilichobaki Georgia baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, huku mambo mengi ya injini na vipuri yakibaki Urusi. Mwaka 2008 Georgia na Urusi wakapigana. Ni kama umenunua Hiace ambayo spea zake zina maduka mawili tu mjini, na wenye maduka hayo hawaamkiani. Rubani na fundi wa kuijua ndege hiyo wakatafutwa hukohuko, kwa mkataba. Tangu 2022 kampuni ya Agemira yenye asili ya Bulgaria ndiyo imekuwa ikileta watu wa kuzihudumia ndege na helikopta. Yaya hajaota, majina aliyoyasoma ni ya kweli. Waromania ni kundi lingine, wale walikuwa askari wa kukodiwa, hawakuja kwa ajili ya ndege. Ndio zaidi ya 280 waliojisalimisha Goma ilipoanguka, wakapitishwa Rwanda kurudi kwao.

Zamani serikali ilikuwa na kisingizio. Tulikuwa na vikwazo vya Umoja wa Mataifa, na kila nchi iliyotaka kuiuzia serikali silaha ilipaswa kuitaarifu kwanza kamati ya New York. Sharti hilo liliondolewa Desemba 2022 kwa azimio namba 2667. Baada ya hapo China ilituuzia droni za CH-4, zikafika 2023, zikawekwa hapa kwetu Kavumu, uwanja wa ndege wa Bukavu. Na Kavumu nako kukachukuliwa Februari 2025. Mlango wa kununua ulifunguka, mlango wa kufundisha vijana sikuuona ukifunguliwa kwa kasi ileile. Kinachonunuliwa ni ndege, ujuzi unakodishwa.

MzeeWaLikasi
Watoto wangu, jambo hili si la leo. Sisi Wakatanga tulilianza mapema. Mwaka 1961, wakati Tshombe ameitenga Katanga na Kongo, Katanga ilinunua ndege tatu za Ufaransa za Fouga Magister, zikashushwa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Moja ilianguka mapema, moja ikakamatwa na askari wa Umoja wa Mataifa mwezi wa nane. Ikabaki moja tu, ikirushwa na Mbelgiji kutoka Kolwezi. Hiyo moja iliusumbua Umoja wa Mataifa wote, maana wao hawakuwa na ndege ya kupigana. Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipokuja kuonana na Tshombe Ndola, Zambia ya leo, ndege yake ilizunguka mbali na kusafiri usiku, sababu mojawapo ni kuiogopa Fouga hiyo. Ikaanguka karibu na Ndola usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba, na wote 16 wakafa. Mpaka leo wanachunguza. Mwezi uliofuata zikaja ndege za Sweden, India na Ethiopia, na mambo ya Fouga yakaisha.

Muone lakini: ndege ya Katanga, rubani Mbelgiji, na fundi naye hakuwa wa Katuba.

Mobutu alijaribu kubadilisha. Waitaliano walileta ndege za MB-326 na kufundisha vijana wetu, Wafaransa wakauza ndege za kivita za Mirage 5, Kamina ikawa kambi ya kweli. Mwaka 1978, vita vya Kolwezi, baadhi ya wale askari wa Légion ya Ufaransa walioruka kwa mwamvuli tarehe 19 Mei walitoka kwenye ndege za mizigo za C-130 za Zaire yenyewe. Kulikuwa na mafundi weusi waliojua kazi, niliwafahamu wengine. Pesa ilipokauka wakaanza kuuza mikate. Mirage zilitoka kazini kabla Mobutu hajaondoka.

FundiWaLuano
Mzee amesema kweli, lakini hiyo ya mikate ndiyo inayonifanya nisimkatishe kijana tamaa. Wale mafundi hawakukosa akili, walikosa karatasi. Ujuzi wa jeshi bila cheti cha kiraia haukutoi popote.

Yaya, kwanza asome kiraia. Kinshasa chuo cha ISTA kina masomo ya usafiri wa anga, na Addis Ababa kuna chuo cha Ethiopian Airlines, ingawa bei yake inauma. Tangu Desemba 2024 tuna Air Congo, serikali imeshirikiana na haohao Waethiopia, na Lubumbashi wanakuja. Kazi itakuwepo, japo si kwa kila mtu. Akishapata cheti na bado anataka jeshi, aende akiwa na kitu mkononi. Kabla ya kusaini aulize mambo yaliyo wazi: anaingia kama askari wa kawaida au kama fundi, mafunzo ni wapi na kwa lugha gani, na cheti kinabaki na nani. Asipojibiwa, ameshajibiwa.

Kadutu_Bukavu
Na Kiingereza aanze leo. Vitabu vya matengenezo ya Boeing havijaandikwa Kifaransa.

Birere_Goma
Na vya Mi-8 ni Kirusi.

YayaWaKatuba
Asanteni sana, nimewasomea wote wawili uzi huu mpaka mwisho. Mama amefurahi na ya Kinshasa, ila ameuliza bei ya chumba kule, kama kuna anayejua karibu na ISTA aniandikie. Kijana hakubisha, lakini hajaacha: ananiuliza hapa Lubumbashi Kirusi kinafundishwa wapi.