Sindano za masikioni kwa maumivu ya viungo: mama yangu aende?

BintiMvita
Hamjambo jamani. Mama alikatwa titi, akamaliza kemo na mionzi, na sasa yuko kwenye vidonge vya anastrozoli, dawa ya kupunguza homoni ya estrojeni, kila siku. Alhamdulillahi saratani imetulia, lakini viungo vinamtesa. Asubuhi vidole havikunjiki, hata kukuna nazi hawezi, na magoti ndiyo usiseme. Ameanza kuruka vidonge. Hapa Mombasa tumeelekezwa kwa mtu anayechoma sindano masikioni, anasema zitaondoa maumivu na "kusafisha saratani iliyobaki". Kuna anayezijua?

NesiUghaibuni
Pole dada, na mama mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni nesi wa wagonjwa wa saratani huku Texas.

Hilo la kusafisha saratani ni uongo, na anayelisema simwamini na sindano. Maumivu ni habari nyingine. Mwaka 2021 hospitali ya Memorial Sloan Kettering ya New York ilitoa utafiti wa watu 360 waliopona saratani wakabaki na maumivu sugu ya misuli na viungo. Baada ya wiki 12, kwenye kipimo cha 0 hadi 10, waliochomwa masikioni walipata nafuu ya pointi 1.6 zaidi ya waliobaki na matibabu ya kawaida. Waliochomwa mwilini kwa sindano zenye umeme mdogo walipata 1.9. Wagonjwa walijua wanachopewa, kwa hiyo matumaini nayo huenda yalichangia. Hata hivyo, kwa mama ambaye vidole havikunjiki, nafuu hiyo si ya kudharau.

Wale wa masikioni walichomwa kwa mtindo wa Richard Niemtzow, daktari wa jeshi la anga la Marekani. Ni vijipini vidogo kama kishaufu cha pua. Kinachomwa kimoja, mgonjwa anaambiwa atembee kidogo, anaulizwa maumivu yakoje, ndipo kinafuata kingine. Hubaki sikioni siku kadhaa, kisha hudondoka vyenyewe. Vinauma, na baadhi ya wagonjwa waliacha kwa sababu hiyo.

Ninachokiogopa mimi ni uchafu. Gegedu la sikio, ule mfupa laini, halina mishipa yake ya damu, likipata usaha kupona ni kazi, na sikio linaweza kuharibika umbo. Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele yenu. Sikio likiwa jekundu, la moto, limevimba, hospitali siku hiyo hiyo. Na kama chembe nyeupe za damu ya mama, au chembe sahani zinazogandisha damu, ziko chini, au anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, asichomwe kabla daktari hajaruhusu.

Tafadhali, vidonge asiviruke. Vinapunguza hatari ya saratani kurudi. Amwambie daktari wake waziwazi, kwani maumivu ya viungo mara nyingi huletwa na vidonge hivyo, na anaweza kubadilishiwa dawa nyingine ya kundi hilo, na mazoezi ya kutembea nayo hupunguza maumivu hayo.

Mwanakwetu_Lamu
Lakini si tiba ya Wachina ya tangu zamani hii? Wangekuwa wameshaona madhara.

NesiUghaibuni
Wachina wamechoma sindano karne nyingi, ndugu yangu, lakini ramani ya sikio inayotumika leo, ile inayoonyesha pa kuchoma kwa kila sehemu ya mwili, ilianza kwa Paul Nogier, daktari wa Lyon, Ufaransa, miaka ya 1950. Aliona wagonjwa waliochomwa moto sikioni na mganga wakapona maumivu ya kiuno hadi mguuni, akaanza kuchunguza. Uzee wa tiba hausafishi sindano.

BintiMvita
Ahsante sana dada. Yule mtu tumemwacha. Kliniki ni wiki ijayo, nitaingia na mama mwenyewe. Na zile mbegu ndogo za kubandika sikioni kwa plasta badala ya sindano?

NesiUghaibuni
Hizo hazitoboi ngozi, ndiyo maana nazipenda zaidi kwa mtu kama mama, ingawa ushahidi wake ni mdogo kuliko wa sindano. Anaziminya kwa kidole mara chache kwa siku, bila kujiumiza. Baada ya siku chache azitoe, sikio lipumzike. Plasta ikimwasha, atoe saa hiyo hiyo.