Naomba ushauri: kitambi kinahusianaje na mawe ya nyongo?

Mama wa Kibuye, Kisumu:
Hamjambo, wanajukwaa. Nina umri wa miaka 43, ni mama wa watoto wanne, na ninauza nguo katika soko la Kibuye. Kwa zaidi ya mwaka mmoja nimekuwa nikishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa usiku nikiwa nimekula mbuta wa kukaanga. Maumivu hupanda mpaka begani, na kwa saa mbili hivi sipati raha nikilala wala nikikaa. Nilitibiwa vidonda vya tumbo mara tatu bila nafuu. Mwezi uliopita nilipigwa picha ya ultrasaundi, nikaonyeshwa mawe matatu kwenye skrini: vidoa vyeupe, kila kimoja na kivuli cheusi nyuma yake, na nilipogeuka ubavu vikasogea.

Daktari alinipima kiuno kwa utepe, akapata sentimita 104, akasema kitambi kimechangia. Nilishangaa, kwa kuwa mikono na miguu yangu ni myembamba. Mafuta ya tumboni yanawezaje kuleta mawe? Je, nikinywa maji ya ndimu tu kwa wiki tatu, kama anavyonishauri jirani, mawe yatayeyuka?

Muuguzi wa Nakuru:
Pole sana, mama. Wembamba wa mikono usikudanganye, kwa sababu mafuta yanayozunguka ini na matumbo yana madhara kuliko yaliyo chini ya ngozi. Mwenye mafuta hayo, mara nyingi mwili wake hauitikii ipasavyo insulini, yaani homoni inayodhibiti sukari, na ini lake humwaga kolesteroli nyingi, ambayo ni aina ya mafuta, katika nyongo. Nyongo huyeyusha kolesteroli kwa kiasi chake. Ikizidi, hujitenga ikawa chembechembe, kama sukari inayobaki chini ya kikombe cha chai. Mfuko wa nyongo nao, ambao hubeba mililita 30 hadi 50 tu, huwa mlegevu, usijiminye vizuri, na chembe hizo hukaa humo zikashikana. Mimba na umri uliopita miaka 40 huongeza hatari.

Kinachonitia hofu ni hayo maji ya ndimu. Mfuko hujiminya tunapokula, kwa hiyo ukishinda na njaa siku nyingi nyongo hutuama, na mafuta ya mwili yakiyeyuka kwa kasi ini huzidisha kolesteroli ndani yake. Kupungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza hatari ya mawe. Punguza nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki, ukila kwa saa zake, ingawa hata hivyo mawe yaliyokwisha kuganda hayataondoka kwa kupungua uzito.

Mwalimu wa Kakamega:
Dada yangu alijinyima chakula kabla ya harusi yake, na miezi miwili baadaye akapatikana na mawe. Akashawishiwa kunywa mafuta ya zeituni na ndimu, akatoa vidonge laini vya kijani, tukafurahi sana. Daktari alitueleza kwamba vile vilikuwa sabuni iliyofanyika tumboni kutokana na yale mafuta. Picha ya pili ilionyesha mawe palepale. Tafadhali, mama, usipite njia hiyo.

Baba wa Siaya:
Naomba tusimlaumu kila mgonjwa kwa kitambi. Mwanangu ana ugonjwa wa selimundu, ni mwembamba sana, na alipata mawe akiwa na miaka 12, kwa sababu seli zake nyekundu huvunjika upesi na masalia yake huganda katika nyongo. Huku kwetu ziwani watoto kama yeye ni wengi.

Muuguzi wa Nakuru:
Umesema kweli, baba. Mama, mawe yasiyouma kwa kawaida huachwa, lakini yako yanakurudia, kwa hiyo muulize daktari kuhusu upasuaji wa matundu madogo wa kuutoa mfuko wa nyongo. Mfuko ukitolewa, nyongo hushuka moja kwa moja kutoka kwenye ini hadi kwenye utumbo. Ukiona homa, macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, au maumivu yanayodumu kwa zaidi ya saa tano, nenda hospitalini usiku huohuo.

Mama wa Kibuye:
Asanteni sana. Ndimu nimeziacha, na Jumatano nitarudi kwa daktari nikiwa na picha yangu. Leo mbuta nimemchemsha kwa nyanya na kitunguu, na nimekula kabla ya saa moja jioni.