Mafuta ya nazi yananuka baada ya wiki mbili

Habari zenu wa Tanga. Nakuna, nakamua, napika na kuuza peke yangu. Wateja wananirudishia chupa kwa sababu ya harufu. Nakosea wapi? Na bei niipangeje?

— Tatizo ni maji yanayobaki ndani ya mafuta, dada. Tui likilala usiku kucha, engua utandu mzito wa juu tu. Pika kwa moto mdogo mpaka mlio wa kuchatachata ukome na mabaki yawe kahawia hafifu. Yakiungua, harufu imeshaingia. Chuja kwa kitambaa kikavu, rudisha motoni dakika chache. Chupa zianike mpaka ndani pasiwe na unyevu hata kidogo.

— Na usifunge kifuniko mafuta yakiwa ya moto! Mvuke unageuka matone humo humo.

— Kuhusu bei: jumlisha nazi, mkaa, chupa, lebo NA ujira wako wa siku, ugawe kwa chupa zilizotoka. Tuseme 45,000 kwa chupa 15: kila moja imeshakula 3,000 kabla ya faida. Ujira ndio wengi wetu tunausahau, inaniuma sana. Chicha (nazi iliyokwisha kukamuliwa) usitupe, wafugaji wa kuku wanaitaka.

— Andika tarehe ya kupika kwenye kila chupa. Ukitaka alama ya ubora ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), anzia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo.