Mrejesho: zile nyusi za kuchora nilizouliza

Mimi ndio yule aliuliza mwezi uliopita kama tattoo ya nyusi inauma na kama rangi inakaa. Nilienda wasee. Wakishakupaka dawa ya ganzi inakuwa kama mtu anakukwaruza na kucha, ile sauti ya wembe wa visindano wanaochorea nao ndio mbaya kuliko uchungu. Siku tatu za kwanza zilikuwa nyeusi kama makaa, mathe akaniuliza nimekosana na nani, kwa matatu nilikuwa navaa kofia tu. Halafu maganda yakaanza kubanduka nikaona nyusi zimepotea kabisa, nikalia juu ya pesa yangu, kumbe ni kawaida, rangi imerudi polepole hii wiki ya nne. Lakini msitoe hayo maganda aki, nilibandua moja tu usiku na hapo pamebaki pengo. Nitajaziwa wiki ya sita. Wanaziita za kudumu lakini ngozi yangu ni ya mafuta na hiyo hufifisha rangi haraka, niliambiwa nitarajie zikae kama mwaka hivi. Na aliyenishauri niitishe sindano mpya ifunguliwe nikiona, asante sana, mahali pa kwanza walikataa nikatoka.