Tupeane uzoefu: kuangalia ndege kwenye maji Oktoba hii, Arusha na Moshi

MzeeWaDarubini
Wadau habari za jumapili. Jana kikundi chetu tulikuwa Momella, pale hifadhi ya Arusha, na kama kawaida watu hata hawajashuka vizuri kwenye gari wanaulizia heroe. Heroe wanapendeza sibishi, ila mwezi huu mimi macho yangu yako kwa wale wadogo wa rangi ya tope wanaodonoa pembeni, chekeamwezi, hao ndo wageni wenyewe, wengine wamezaliana huko Finland na Urusi wakavuka Sahara mpaka kwetu. Nyie mnawapatia wapi?

Mama_Tengeru
Mi kiingilio cha hifadhi kila mara siwezi, naenda zangu Duluti. Furukombe, mnandi na mdiria wapo, kenge pia utapishana nao njiani. Chekeamwezi wa kutosha ndo hamna, ziwa lile ni la kreta, kingo zimedidimia ghafla na msitu umeshuka mpaka majini, sasa watachokoa tope gani?

chalii_wa_moshi
Shukeni huku Chekereni kwenye mpunga, bure kabisa!! Majaruba yakishajazwa maji kabla hawajapanda unakuta yangeyange, kwarara na hao chekeamwezi wamechanganyikana humo humo, ila nendeni mapema, jua likishapanda ule mng'ao wa maji ndege wote unawaona weusi tu. Sisi tulivyofika na madarubini mzee mmoja akatufata mbio akijua ni wapima ardhi, tukamwambia shikamoo mzee tunaangalia ndege tu, alicheka yule, akasema basi ondokeni na hawa kwelea wanaomaliza mpunga wangu 😂

binti_njiro
Mi nilikuwa safari ya jana na heroe niliona wachache mnooo, wameenda wapi?

MzeeWaDarubini
@binti_njiro wanafuata mwani dada, na wanahama usiku, leo Momella kesho Manyara au Natron, na Natron ndo wanakotagia heroe wadogo karibu wote wa Afrika Mashariki. Maji ya Momella yenyewe ni ya magadi na kila ziwa pale lina mwani wake ndo maana rangi zinatofautiana.
@chalii hao wa Chekereni cheki vizuri, mgongo wenye madoadoa na mstari mweupe juu ya jicho ni mmoja, anayetingisha mkia muda wote kama kakatazwa kutulia ni mwingine. Watu wanaandika "chekeamwezi" wote, wakati hata sauti zao hazifanani.

Mkulima_Kahe
Kwetu mgeni anayesubiriwa ni korongo mweupe. Viwavijeshi vikiingia shambani huyo jamaa anatembea taratibu anavila kimoja kimoja, watoto tumewakataza manati kabisa.

chalii_wa_moshi
Mkulima nipe ramani ya huko basi. Na jumamosi nani ana nafasi kwenye gari, tupo wawili tunatokea Majengo, mafuta tunachangia