Mjumbe wa kamati ya manunuzi na hadwea ya shemeji yake, hii imekaaje?

Kyejo_boy: Wadau habari za baridi. Huku kwetu mkoa wa Mbeya tunajenga madarasa mawili kwa fosi akaunti (yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kulipa mafundi, bila mkandarasi), hela imeingia akaunti ya shule, kamati zikaundwa kama kawaida, ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Sasa simenti na nondo zote zinatoka hadwea moja, na hiyo hadwea ni ya shemeji yake mjumbe wa manunuzi, tena mwenyewe ndo alileta zile kotesheni tatu (karatasi za bei toka maduka tofauti), mbili zina mwandiko uleule mpaka herufi g yenye mkia. Nikiuliza naambiwa "bei yake ndo ndogo, we unataka nini". Inaruhusiwa hii? Au ninyamaze maana hawa ndo tunazikana nao.

Fundi_Mwanjelwa: Ugonile mkuu. Huku kata nzima ni ukoo, ukisema mwenye ndugu kwenye kamati asiuze utaenda kununua simenti Malawi. Na hela ikichelewa nani atakukopesha nondo kama sio huyo shemeji? Acheni wivu jamani

Mama_Tosha: Fundi we unatetea kwa vile unalipwa hapohapo 😂

Mstaafu_Iringa: Fundi ana hoja nusu. Sheria haikatazi shemeji kuuza, inakataza mwenye maslahi kukaa kimya na kuendelea kuamua. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyofuta ile ya 2011, inataka mtu wa hivyo atamke na ajitoe, asipendekeze, asitathmini, asipokee mzigo. Hata kule halmashauri wajumbe wa tathmini wanasaini kwamba hawana mgongano wa maslahi. Diwani naye kwenye baraza hivyohivyo, mkataba ukimgusa kifedha atatamka na hapigi kura, na juu ya hapo anabanwa na Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995. Huyo mjumbe wenu sio kiongozi wa umma kwa maana hiyo kwahiyo usihangaike na Sekretarieti ya Maadili.

Ila kijana wangu, mi hapo kwenye kotesheni ndo pamenishtua kuliko ushemeji. Mwandiko mmoja kwa maduka mawili maana yake hakukuwa na ushindani, sasa hiyo bei ndogo ni ndogo kuliko ya nani? Ulizia bei mjini ulinganishe. Halafu ombeni muhtasari wa kikao muone kama alitamka.

Kyejo_boy: Shikamoo mzee. Muhtasari anao yeye, ndo katibu.

Mstaafu_Iringa: Marahaba. Basi anza na mkuu wa shule na mtendaji wa kata, wakikuzungusha nenda kwa mkaguzi wa ndani wa halmashauri, TAKUKURU wilayani nao wapo. Na hizo kotesheni zipige picha leoleo kabla hazijaandikwa upya.